Jina la Rubani

Kizingitini, Mfunguo Nne, mwaka 1330

Kwa ndugu yangu Yunusi bin Mohdhar, aliyeko Amu, Mola akuhifadhi na kila jicho baya.

Ama baada ya salamu, barua yako ilinifikia kwa mkono wa Amini, na nimefurahi kusikia umepata kazi kwa yule Mzungu mwenye shamba la pamba Manda. Kazi ya kusema tu, na kusema ulikuweza tangu utotoni. Umeandika kwamba unawageuzia maneno wageni wa meli wanaokuja kutazama magofu na kusikia jinsi Wareno walivyofika zamani na merikebu zao. Haya, waelezee vizuri. Walikuja, wakachoma, wakaondoka. Wakija tena wageni wengine na vitabu mkononi, tunawapokea kwa madafu.

Mwisho wa barua umeniuliza kama bado nina hasira. Yunusi, hilo ni swali la kumuuliza mtu? Siku ya Idi iliyopita nilikwenda Pate kwa miguu kumwona mwanangu. Nikakalishwa dakani, nje, pamoja na wauza makaa. Hadia akatoka. Amekuwa mrefu kunipita, na macho yake ni ya mama yetu. Akanibusu mkono, na kabla sijamuuliza hata hali, akaitwa ndani. Mlango ukafungwa. Nikarudi na kanga niliyomchukulia, bado imekunjwa.

Wewe ulikuwa baharini siku ile nilipoachwa, hukuyasikia kwa masikio yako. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mzee Bwanamkuu alisimama mbele ya watu waliotoka msikitini, akamwambia mwanawe Fadhil: "Muate yeo. Wana wa Mohdhar ni wavuvi, si kufu yetu." Na Fadhil, ambaye hata kanzu huchaguliwa na babake, akaniacha. Hadia alipotimiza miaka saba wakaja kumchukua, wakasema mtoto wa nyumba kubwa halelewi kwenye harufu ya papa. Na chombo cha Bwanamkuu kilipozama, ni nani aliyemuundia kingine kama si baba yetu? Siku zile hatukuwa wavuvi, tulikuwa wakwe.

Sikuombi utupatanishe. Wewe sasa una masikio ya Wazungu, na mimi sina kitu ila ulimi huu ambao hakuna anayeusikia. Nataka yule mzee aonje alichonilisha. Hata kidogo.

Ni mimi dada yako,
Saadiya binti Mohdhar


Amu, Mfunguo Tano, 1330

Kwa dada yangu mpenzi Bi Saadiya, aliyeko Kizingitini.

Ama baada ya salamu, soma barua hii ukiwa umekaa.

Kazi yangu iko hivi. Huyu Mzungu, tunamwita Bwana Kofia kwa sababu haivui hata kivulini, anawaleta wageni kwa mashua maji yakijaa, maana yakitoka ule mkono wa bahari wa kuingilia magofuni huwa tope tupu. Pale yupo Barka, ambaye babu zake na yeye mwenyewe wamekuwa wakifagia yale makaburi. Barka anasimulia kwa lugha yetu, mimi nageuza kwa Kiingereza nilichokiokota kwenye meli za Mombasa. Anasimulia jinsi merikebu za Wareno zilivyokaa nje siku nyingi bila kujua pa kupita, kisha usiku mmoja zikaingia katikati ya mikoko kama zinazorudi kwao, na asubuhi mji ukawa moshi.

Wiki iliyopita bibi mmoja wa Kizungu akauliza: ni nani aliyewaonyesha njia? Nikamuuliza Barka. Barka akajibu kama anavyojibu siku zote: "Rubani hayulikani. Mngu ndiye ayuwao."

Nikafungua kinywa nigeuze. Wallahi sikuwa nimepanga. Nikasema rubani alikuwa mtu mkubwa wa Pate, jina lake Bwanamkuu, na kizazi chake kipo hadi leo katika nyumba ya ghorofa, na mjukuu wake amepewa jina lilelile, wala haoni haya. Yule bibi akashika shavu. Bwana Kofia akatoa kalamu.

Tulipokuwa tukirudi mashuani Barka akaniuliza mbona neno lake fupi limekuwa refu kiasi kile. Nikamwambia Kiingereza ndivyo kilivyo.

Tangu hapo kila wageni wakija, wanauliza habari za Bwanamkuu. Nami ninawapa.

Nduguyo akupendaye,
Yunusi


Kizingitini, mwisho wa Mfunguo Tano

Kwa Yunusi, ulimi wangu.

Nimecheka mpaka shangazi Kadija akaingia kuniangalia kama nimepagawa. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, nikaiweka chini ya mto. Nimelala usingizi ambao sikuulala tangu niachwe.

Lakini umefanya kazi nusu. Jina tupu halishiki. Sikiliza, mimi nimekaa nyumba ile na ninayajua majivuno yao. Kila Maulidi, Bwanamkuu akishaketi na kahawa yake, huwahadithia watu kwamba babu wa babu yake alizijua njia za maji kati ya Pate na Manda kuliko samaki, hata akiwa amefumba macho. Pate nzima imelisikia hilo, imechoka nalo. Basi chukua neno hilohilo lake, uwaambie wageni. Waulize: mtu anayejua njia kiasi hicho, Wareno wangemwendea nani mwingine? Sema alilipwa vitambaa vya hariri. Sema na vile vibakuli vya Kichina vilivyoko ukutani mwao vilitoka kwenye makaburi ya Manda. Atakayebisha, mwambie akaulize Pate kama mwenyewe hajisifu.

Akikana, atakuwa amemkana babu yake. Akinyamaza, amekubali. Nataka asipate pa kukaa.

Ongeza, Yunusi. Ongeza.

Dada yako,
Saadiya


Kizingitini, tarehe 9 Mfunguo Saba

Kwa ndugu yangu Yunusi.

Ama baada ya salamu, leo sikuandikii kwa hasira. Mola ameniangalia.

Hadia ameposwa! Na hakuposwa na mtu wa Pate. Ameposwa na Ridhwani, mwana wa Bwana Jaafar, wa hukohuko Amu, wale wenye nyumba karibu na msikiti mkubwa. Posa imeshapelekwa na imepokewa. Habari nimeletewa na mwanamke anayewafulia, maana wao wenyewe hawakuona haja ya kumwambia mama.

Unaelewa maana yake? Anatoka nyumba ile. Hatakuwa tena nyuma ya mlango wa Bwanamkuu. Watu wa Jaafar ni waungwana, hawamzuii mke kumwona mamake. Nitafutie chumba Amu, hata kiwe kidogo, hata kiwe juu ya banda la mbuzi. Nitamwona mwanangu kila siku. Nitampa kanga yake.

Na wewe umemposa Umi hapohapo Amu, kwa hiyo tutakuwa sote mji mmoja. Nenda kwa Bwana Jaafar ukamsalimie. Vaa kanzu safi, sema kidogo. Mjulishe kwamba Hadia ana mjomba.

Hapa vijana wa kijiji cha Chundwa wameanza kumwita mzee Bwanamkuu "Rubani" anapopita. Nimeambiwa alimtupia mmoja bakora. Tamu juu ya tamu.

Dada yako mwenye furaha,
Saadiya


Amu, tarehe 10 Mfunguo Saba

Kwa Dada Saadiya.

Ama baada ya salamu, nina habari kubwa na siwezi kungoja barua yako.

Bwana Kofia ameweka kibao magofuni. Amekichongesha kwa fundi wa milango hapa Amu, mbao nzito, nakshi pembeni. Upande mmoja herufi za Kizungu, upande wa pili herufi zetu, ili kila mtu asome. Imeandikwa kwamba hapa ndipo Wareno walipoingia, wakiongozwa na rubani Bwanamkuu wa Pate. Jina limechongwa, Dada. Mvua haiwezi kulifuta.

Barka alikisoma, akaniita pembeni. "Mimi sikunena haya," akasema. Nikamjibu alisahau. Akanitazama, akachukua ufagio wake, na tangu siku hiyo hasimulii. Anafagia tu. Basi mimi ndiye ninayesema yote, na ni afadhali.

Watu wa Amu nao wanavuka kuja kutazama. Jana alikuja bwana mmoja mkubwa na mwanawe, watu wenye heshima. Walisoma kibao, kisha yule mzee akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu neno hili kwake ni zito. Nikamwambia nina hakika. Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikamwapia. Nilimpa yote, hariri, vibakuli, na majivuno ya Maulidi. Kijana alikuwa amejiinamia kama aliyepigwa. Mzee akanishukuru, akasema, "Umetuokoa."

Laiti ungekuwepo. Ulisema unataka aonje kidogo. Sasa anakula sahani nzima.

Yunusi


Amu, tarehe 15 Mfunguo Saba

Dada,

Barua zetu zilipishana majini. Nimeipokea yako sasa hivi.

Yule mzee niliyemwapia ni Bwana Jaafar. Kijana ni Ridhwani. Sikuwajua. Haki ya Mungu sikuwajua, mimi nimekaa Mombasa miaka yote, nitajuaje sura za watu? Nimekwenda kwake mbio, na kanzu safi kama ulivyosema. Sikupokewa. Mtumishi wao amesema posa imeshavunjwa, sinia ya jibu imerudishwa Pate, na kwamba nyumba hii haioi kizazi kilichouza mji wa Waislamu.

Niambie la kufanya.

Yunusi


Pate, tarehe 20 Mfunguo Saba

Kwa mama yangu Bi Saadiya, aliyeko Kizingitini. Naomba radhi zako.

Ama baada ya salamu, mama, naandika kwa siri na barua hii anayo mwanamke anayetufulia. Sinia tuliyowapelekea kujibu posa imerudishwa. Iliwekwa dakani mchana, watu wakitoka kuswali, na kitambaa chake juu, hakikufunuliwa. Babu hakuigusa. Imekaa pale mpaka jioni na kila aliyepita ameiona.

Nilikuwa nimempenda, mama. Nilimwona mara moja tu, kwa dirishani, na nilifurahi kwamba nitakuja Amu na utakuwa ukinijia.

Wasichana wenzangu wananiita Mwana wa Rubani. Ubaoni limeandikwa jina la babu, na babu ni mimi pia. Baba amelala kitandani. Babu anasema aliyeyazua haya ni mjomba Yunusi. Nimemwambia mbele ya watu wote kwamba si kweli. Nimemwambia mjomba wangu hawezi kunifanyia hivi, mimi ni damu yake. Babu alinyanyua mkono anipige, kisha akaushusha.

Nimefanya vizuri kumtetea, si ndiyo?

Mwanao,
Hadia


Kizingitini, tarehe 22 Mfunguo Saba

Yunusi,

Nakutumia barua ya Hadia. Isome mpaka mwisho, usiruke.

Nilisahau. Mimi niliyezaa, niliyenyonyesha, nilisahau kwamba mtoto hahesabiwi kwangu. Kila nilipomfikiria, nilimwona wangu, mwenye macho ya mama yetu. Nasaba huenda kwa baba. Hadia binti Fadhil bin Bwanamkuu. Tulipolichonga jina la mzee, tulimchonga na yeye. Mtu mwingine yeyote wa kisiwa hiki angeliona hilo siku ya kwanza, isipokuwa mimi, kwa sababu ya chuki.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Kibao hakiwezi kung'olewa. Ukisema tu kwamba ulikosea, watasema umehongwa na Bwanamkuu, na Hadia atabaki na doa. Wakishapewa rubani, hawatakubali kurudi kwenye "hayulikani". Wanataka jina. Basi wape jina.

Nenda kwa Bwana Kofia. Mwambie rubani hakuwa Bwanamkuu. Mwambie alikuwa mvuvi wa Kizingitini, Mohdhar, babu wa babu yetu ambaye baba alipewa jina lake, na kwamba ulimficha kwa kuona haya. Sema hivyohivyo mbele ya Bwana Jaafar. Hilo wataliamini, kwa sababu hakuna anayejizulia aibu. Doa la mamake halimvunjii Hadia ukufu. Sisi tutachafuka, yeye atasafika.

Fanya haraka, kabla kijana hajaposa kwingine.

Saadiya


Amu, mwanzo wa Mfunguo Nane

Kwa Saadiya binti Mohdhar.

Unajua unachoniomba? Mimi nimemposa Umi. Babake ananikubali kwa taabu, kwa kuwa nina kazi na sina sifa mbaya. Siku nitakayosema neno hilo, nimekwisha. Na babu yetu amekosa nini? Alikuwa mtu wa nyavu na swala zake, amelala kaburini hana habari, na sisi tumwamshe tumtwike moshi wa Manda?

Na Bwanamkuu je? Alisema sisi si kufu yake. Unataka nikamchongee ushahidi, kwa nakshi! Atacheka mpaka Siku ya Kiyama.

Niliapa uongo mara moja kwa ajili yako. Nitaapa mara ngapi? Mimi nilitaja jina tu siku ile. Wewe ndiwe uliyeniandikia "Ongeza". Hariri ni yako, vibakuli ni vyako. Usijifanye mama leo.

Siwezi. Usiniandikie tena jambo hili.

Yunusi


Pate, Rajabu, 1330

Kwa Bi Saadiya binti Mohdhar, wa Kizingitini.

Ama baada ya salamu, nakuarifu kwa heshima kwamba Bwana Jaafar amekuja mwenyewe hadi nyumbani kwangu kuomba radhi, na posa imerudi kwa sinia kubwa kuliko ya kwanza. Arusi itakuwa Shaabani, Inshallah, kabla ya mfungo.

Nilivuka mpaka Manda kukisoma kibao kipya kwa macho yangu. Fundi amefanya kazi safi. Nduguyo alikuwepo, akawasimulia wageni mbele yangu habari za babu yenu, hakuniangalia usoni. Nasikia kwa akina Umi wamebadili nia. Mpe pole.

Utafahamu kwamba wakwe zetu hawatapenda kukaa chumba kimoja na kizazi cha rubani. Kwa hiyo usijisumbue kwa safari. Sahani yako italetwa.

Lile neno nililolinena siku ya talaka, miaka yote nilidhani huenda nililinena kwa kiburi. Sasa naona lilikuwa na ushahidi wake.

Wako,
Bwanamkuu bin Fadhil


Kizingitini, mwisho wa Shaabani

Kwa ndugu yangu Yunusi.

Kwa hiyo ulifanya. Uliniandikia "siwezi", kisha ukaenda. Sikupata barua yako, habari nimezipata kwa adui yangu. Sijui nikushukuru vipi kwa jambo ambalo limekunyang'anya mke, basi sitajaribu.

Sahani imekuja. Pilau, nyama ya mbuzi, na halua kando. Shangazi Kadija alitaka tuile, chakula hakina kosa. Nimeimwaga pwani na sahani nimeivunja kwenye jiwe. Usidhani nimelainika. Ningempata Bwanamkuu mkononi leo, ningemfanyia kwa vidole vyangu, bila Mzungu wala fundi.

Lakini moja nimemnyang'anya. Hadia ametoka nyumba ile. Yuko Amu, mtaa mmoja na wewe. Siwezi kuja mimi, kwa wakwe sipokewi, lakini wewe ni mwanamume, utamwona siku moja. Mwambie kwa siri. Mwambie babu yetu hakuongoza merikebu ya mtu, na kwamba tumejipaka ili yeye awe safi. Asiambiwe mtu mwingine, hata mumewe. Yeye tu. Akishajua, hata asiponijia maisha yote, nitaridhika.

Nimekutumia na kanga. Mpe.

Saadiya


Amu, Mfunguo Mosi, 1330

Kwa dada yangu Saadiya.

Ama baada ya salamu na mkono wa Idi. Kanga ninayo bado. Nitakueleza kwa nini.

Juzi, Idi pili, watu wa Jaafar walivuka kwenda Manda kutembea, na Hadia alikuwa kati yao, katika buibui jipya, na mumewe pembeni. Wageni wa meli nao walikuwepo, na Bwana Kofia na kofia yake. Nilimtambua kwa macho, kama ulivyosema. Nikapanga moyoni kwamba wakienda kula nitamvuta kando, chini ya ukuta wa msikiti wa zamani, nimwambie.

Sikupata nafasi. Nilikuwa nimefika kwenye kibao, nasimulia kwa Kiingereza, mkono wangu juu ya jina la babu yetu. Hadia akatoka kwa wanawake, akaja mbele yangu. Akaniuliza: "Mjomba, ni kweli haya?"

Bwana Jaafar alikuwa nyuma yake. Ridhwani alikuwa nyuma yake. Barka aliacha kufagia. Dada, ukweli ulikuwa kinywani, na kama ningeutoa, yeye angerudi Pate na sinia yake.

Nikasema, "Ni kweli, mwanangu."

Akasema: "Basi wewe ndiwe mwana wa rubani, ukampaka babu yangu. Nami nalikutetea mbele ya watu! Kumbe babu alinena kweli tangu siku ya kwanza. Mwambie mama asiniandikie tena."

Akarudi kwa wanawake, na wakampa nafasi katikati yao. Walimshika mabega. Alikuwa wao.

Yule bibi wa Kizungu akanigusa mkono, akauliza msichana amesema nini. Bwana Kofia naye akageuka kunisikiliza, na kalamu yake. Barka alikuwa akinitazama.

Nikawageuzia neno kwa neno. Sikuongeza kitu.

Nduguyo,
Yunusi